Siku Nyapara Alipopewa Mgeni

Wiki iliyopita nilikuwa naitia mafuta cherehani ya mama yangu. Tone moja likanidondokea kidoleni, na kabla sijalipangusa harufu yake ikanipanda puani. Mafuta ya cherehani ni mepesi, hayana rangi, na harufu yake si ya kujivunia. Ukipita nayo mtaani hakuna atakayegeuka. Lakini mimi, mwanamke mzima mwenye watoto na mkopo wa nyumba, nilikaa chini sakafuni pale kwa wazazi wangu Bordesley Green nikaanza kulia. Mama akauliza kutoka jikoni, "Umejidunga sindano?" Nikamwambia ndiyo. Ni rahisi kueleza sindano.

Watu husema majuto ni mjukuu. Wangu hakungoja nizeeke. Alikuja mapema, akajikalia kwa kochi, na mpaka leo haonyeshi dalili ya kuaga.

Baba yangu alikuwa akikusanya treni. Nikiwaambia hivyo wenzangu wa rika langu, sisi tuliolelewa hapa Birmingham na wazazi kutoka Kenya, wananitazama kama nimewatania. Baba zetu hawakukusanya treni. Walikusanya shifti, vyeti, na nguo za kupeleka nyumbani Disemba. Sasa mwanamume Mluhya, mtu wa kanisa, anayeosha na kulisha wazee katika nyumba ya kutunzia wazee wiki nzima, aonekane ameinama juu ya gari moshi la kutoshea kiganjani? Ala! Lakini ndivyo ilivyokuwa kwetu, na kwa muda mrefu sikujua kwamba kwa wengine haikuwa hivyo.

Tena si treni yoyote tu. Zile ndefu za abiria, zenye madirisha na mapazia, Baba alizipita bila kuzitazama. Yeye alitaka shanta. Shanta ni injini fupi ya kazi ambayo haisafiri. Inashinda stesheni ikisukuma na kuvuta mabehewa ya mizigo, hili huku, lile kule, mpaka treni nzima ipangike. Kisha injini kubwa inakuja kuichukua na kwenda nayo Mombasa au Kisumu, na sifa zote ni zake. Kabla hatujaja huku Baba alikuwa mfunga mabehewa katika yadi ya reli ya Nakuru. Ndiye aliyesimama kati ya behewa na behewa akimwashiria dereva wa shanta kwa mkono, halafu anaingia katikati kufunga kulabu. Nusu ya kidole chake kimoja ilibaki huko. Kazi ilipoisha, na Mama akapata nafasi ya uuguzi Uingereza, sisi wawili tukamfuata.

Mimi nilidhani shanta ni mtoto wa treni. Siku moja nikamuuliza Baba, "Huyu atakua lini?"

"Nani?"

Nikamwonyesha kainjini kake ka kijani kenye mistari ya njano na nyeusi puani.

Alicheka mpaka akaketi. "Huyu hakui, mami. Huyu ndiye mtu mzima. Wale wengine ndio watoto, wanapenda kutembeatembea."

Jumamosi ilikuwa yetu. Mama alikuwa akifanya kazi usiku wa Ijumaa katika hospitali iliyo karibu na kwetu, anarudi asubuhi macho mekundu, anavua viatu mlangoni, anatuambia "Msinisumbue," na kulala mpaka alasiri. Nyumba yetu ilikuwa ile nyembamba ya kushikana na ya jirani, ukikohoa chini unasikika juu. Kwa hiyo Baba alinivalisha koti tukatoka, tukapanda basi, tukaenda kwenye soko la treni ndogo. Lilikuwa likifanyika katika kumbi mbalimbali, leo ukumbi wa shule, kesho wa kanisa, na kila ukumbi ulinuka makoti yaliyonyeshewa na chai ya chupa. Wauzaji walikuwa wazee wa Kiingereza wenye sweta, na mezani kwao injini zilikuwa zimepangwa ndani ya masanduku yake, zinang'aa, mtoto haruhusiwi kugusa.

Baba aliwasalimu mmoja mmoja, akauliza hali ya miguu na ya wake zao, kisha akapiga magoti. Vitu vyetu vilikuwa chini ya meza. Huko ndiko walikoweka makopo na masanduku ya vilivyokufa: injini bila mota, magurudumu bila injini, sakafu za mabehewa, kuta za mabehewa, kulabu zilizopinda, vyuma ambavyo hata wenye navyo hawakujua vya nini.

"Sisi ni fisi, mami," aliniambia tukiwa chini kule, tumezungukwa na viatu vya watu. "Simba wale walioko juu. Sisi tunakula kilichobaki."

Nilipenda kuwa fisi. Nilikuwa na vidole vyembamba, nikawa mimi ndiye wa kuchokora ndani ya makopo, naye anapokea, analiweka gurudumu sikioni na kulizungusha kwa kidole kile kilichokatika. Likimridhisha anatikisa kichwa. Lisipomridhisha analirudisha polepole, kama vile hataki lijue limekataliwa. Hapo sikumwona mtu anayeamrishwa na kila mtu kazini, "pita huku, shika hapa, badilisha shuka." Pale alikuwa mtu anayechagua.

Tukirudi tunapanda ngazi kwa soksi. Katika chumba kidogo cha juu, kile cha kuwekea masanduku, Baba alikuwa na yadi yake. Aliijenga juu ya mlango. Mlango wa mtu, uliotupwa barabarani jirani walipokuwa wakirekebisha nyumba, yeye akaubeba kichwani mchana kweupe na Mama akasema ametuaibisha mtaa mzima. Aliulaza juu ya meza mbili, akapigilia reli zake, nyembamba za upana wa kidole gumba, zikigawanyika na kukutana kama zile za Nakuru. Hapa banda la kahawa. Hapa njia ya ngano. Hapa mzee fulani aliuza maziwa. Mabehewa ya makaa aliyajaza majani ya chai, yale ya nafaka aliyajaza mtama, na Mama akienda kupika chai anakuta kopo limepungua na hajui nani amekunywa.

Na juu ya mlango huo ndiko alikozaliwa Nyapara.

Kulikuwa na shanta kweli Nakuru ambayo wafanyakazi waliiita Nyapara, kwa sababu siku nzima ilikuwa ikiwasukuma wenzake kazini. Baba alitaka kuitengeneza tena. Haikuuzwa mahali popote, kwa hiyo tuliiunga kwa mizoga. Mwili ulitoka kwenye sanduku moja, mota kwenye jingine, magurudumu tukayapata baada ya kuyatafuta masika na kiangazi. Baba aliipaka rangi kwa brashi ya kucha ya Mama, akakaza skrubu kwa kibano chake cha nyusi, akatia mafuta ya cherehani kwa ncha ya kijiti. Ikabaki kitu kimoja. Magurudumu ya shanta ile yanaunganishwa kwa nje na fimbo ya chuma, kila upande yake, ili yazunguke pamoja. Upande wa kulia tulikuwa nayo. Wa kushoto hatukuwa nayo, na bila hiyo Nyapara alichechemea na kusimama.

Tukatafuta. Jumamosi zikapita, baridi ikaingia, Baba akaanza kusema labda ataichonga mwenyewe kwa kijiko. Halafu siku moja, chini ya meza, katika kopo la misumari ambalo hata halikuwa la kuuza, vidole vyangu vikagusa kitu chembamba chenye matundu. Nikakitoa. Nikakitazama. Kisha nikakiinua tu.

Baba alinichukua akaninyanyua juu pale katikati ya ukumbi, miguu yangu ikigonga meza za watu, akapiga kelele, "Fisi wangu! Fisi wangu huyu!" Wazee wale wakageuka. Hawakuelewa hata neno moja, lakini mmoja akapiga makofi, na wengine wakampokea. Sijawahi kupigiwa makofi yaliyonifurahisha hivyo, hata siku ya kuhitimu chuo.

Siku ile ile Nyapara alitembea. Baba akanipa kisanduku cha kuongozea, kile chenye kitufe cha kuzungusha umeme, yeye akasimama mwisho wa mlango akiwa mfunga mabehewa. Mkono juu maana yake njoo. Mkono ukiyumba chini, taratibu. Viganja vikikaribiana, bado kidogo, bado kidogo. Kisha, "Guza." Ufundi wote ulikuwa hapo. Shanta ikilifikia behewa lazima iliguse bila kuligonga, kulabu zishikane bila mlio.

"Nyapara hapigi," Baba alikuwa akinong'ona. "Nyapara anasukuma. Ukisikia ko, umekosea."

Na tulinong'ona kweli, kwa sababu nyuma ya ukuta ule Mama alikuwa amelala. Ndiyo maana hakuwahi kutuona. Mambo yote makubwa ya utoto wangu yalitendeka mama yangu akiwa usingizini, na alipoamka aliukuta mlango wa watu umejaa takataka za chuma, na mtoto aliyetulia. Nilimlaumu kwa miaka mingi. Siku hizi ninapomkumbuka alivyokuwa akivua vile viatu, namwacha.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa maana hapa ndipo inaponiuma.

Wakenya wa mitaa yetu walikuwa na ushirika wa Jumapili uliozunguka nyumba hadi nyumba. Zamu yetu ilifika katikati ya baridi. Mama alipika tangu asubuhi: kuku, chapati, ndengu, mboga. Watu wakajaa mpaka kwenye ngazi. Kati yao alikuwa Mama Brayo, muuguzi mgeni, aliyekuwa ndiyo kwanza amefika kutoka Kakamega na kijana wake mdogo. Brayo alikuwa akilia. Si siku hiyo tu. Mama yake alisema tangu washuke kwenye ndege mtoto hali, hachezi, anaita nyanya yake na kulia mpaka anasinzia. Akasema hivyo huku na yeye mwenyewe akipangusa macho, na akina mama wakapiga ulimi, "Pole, mama. Atazoea. Wote walikuwa hivyo."

Watoto tukaambiwa tupande juu. Sikutaka wafungue kile chumba, lakini nani anaweza kuzuia watoto kumi na chumba kilichofungwa? Brayo akaingia mbele. Akauona mlango, reli, mabehewa yenye mtama. Na kilio kikakatika, ghafla, mpaka sisi wengine tukanyamaza kumtazama. Akanyoosha mkono, akamshika Nyapara, akambana kifuani.

Nilimwambia aweke. Hakunielewa, nilikuwa nimesema kwa Kiingereza. Nilijaribu kumnyang'anya, akapiga mayowe ya kutisha, akashuka nayo ngazi moja kwa moja mpaka sebuleni, na mimi nyuma yake.

"Brayo! Rudisha kitu ya watu!" mama yake akamwambia.

Brayo akaibana zaidi.

"Mwachie," mama yangu akasema kutoka jikoni, mwiko mkononi. "Angalia, si amenyamaza? Hajanyamaza tangu aje. Baba Nekesa, si umpe tu? Ni kitu ya kuchezea."

"Hiyo ni yetu!" nikasema.

Mwanamume mmoja aliyekaa karibu na dirisha akacheka, "Kwani ni mzee ndiye anachezea?" Watu wote wakaangua kicheko. Haikuwa kwa ubaya. Ni vile watu wetu wanavyocheka wakishashiba.

Nikamtazama Baba. Alikuwa kwenye kiti chake, sahani magotini, mfupa wa kuku mkononi. Ninyi mnajua kwetu mgeni ni nini. Kwao kule Bungoma mgeni akifika anachinjiwa kuku, na kama kuku aliyepo ni yule anayetaga, basi ni huyo huyo, na mwenye nyumba anakula naye akitabasamu. Nilikuwa nimeyasikia hayo tangu nizaliwe. Sikujua kwamba yangefika mpaka kwenye chumba chetu cha juu.

Baba akacheka. Alicheka na wenzake, sauti kubwa, nzuri. "Mwachieni mtoto. Hiyo ni yake." Kisha akaweka sahani chini, akafuta mikono. "Lakini shanta bila mabehewa ina kazi gani?"

Akapanda ngazi mwenyewe. Nilimfuata. Alichukua mfuko wa plastiki wa dukani, akaanza kuyaingiza mabehewa moja moja. Hakuchagua yale mabaya. Alimwaga majani ya chai na mtama kwenye kopo, akayapuliza vumbi, akayafunga kwa gazeti.

"Baba, usimpe."

"Nekesa. Ni mgeni."

Hakunitazama. Alishuka, akampa Brayo ule mfuko kwa mikono miwili, jinsi unavyompa mtu mzima, na akina mama wakasema amina. Brayo alikula chapati siku hiyo. Mama Brayo alilia tena, safari hii kwa furaha, akamwombea baba yangu azidishiwe.

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye ngazi, nikitafuta uso wa Baba. Na nilichokiona usoni pake ni furaha. Haki ya Mungu, mtu alikuwa ametabasamu. Kichwa cha mtoto hakina mahali pa kuweka kitu kama hicho. Nilihesabu hivi: mtu hatoi akicheka kitu anachokipenda. Kwa hiyo hakukipenda. Kwa hiyo Jumamosi zile zote, makopo, mafisi, kunong'ona, hazikuwa za treni. Alikuwa ananilea tu. Alikuwa ananitoa nyumbani ili Mama alale. Nilikuwa mzigo, nami nilijidhania mwenzake.

Jumamosi iliyofuata nilijikalia sebuleni mbele ya televisheni, sauti chini kabisa. Nikasema moyoni, kama ananihitaji ataniita. Nilimsikia jikoni akikoroga chai, akikoroga, akikoroga, sukari gani hiyo isiyoyeyuka. Hakuniita. Wala sikuinuka. Mtoto wa kwetu hamwendei babake na kumwambia twende. Hilo ni la mzazi kuanza. Jumamosi ya pili ikawa hivyo hivyo. Ya tatu. Kisha siku moja akatokea mlangoni amevaa sare ya kazi, akasema wamempa shifti za Jumamosi, nisiwashe televisheni kwa sauti. Nikamjibu kwa Kiingereza kwamba sawa.

Nyapara nilimwona mara moja tu tena. Ushirika ulikuwa kwa Mama Brayo, chumba cha kupanga huko Lozells, juu ya duka la mboga. Brayo alikuwa amenenepa, anakimbia huku na huku, anaongea Kiingereza cha mtaa. Baba aliinama kuokota kijiko kilichoanguka, akakawia kuinuka. Nikachungulia. Chini ya kochi alikuwa Nyapara, amelala ubavu, magurudumu mawili hayapo, na fimbo ya kushoto haipo.

Mama Brayo akaona. Aibu ikamjaa. "Jamani watoto hawa! Ndugu, pole. Ichukue basi ukatengeneze."

Alikuwa ameambiwa achukue! Mwenyewe amesema! Nilimtazama Baba kwa nguvu zangu zote.

"Hapana, dada," Baba akasema. "Ni ya Brayo. Mgeni hanyang'anywi." Akamwita yule mtoto, akamkalisha gotini, akamwonyesha jinsi ya kuisukuma kwa mkono kwenye zulia hata bila magurudumu. "Taratibu," akamwambia. "Taratibu. Guza."

Neno letu. Nilimchukia Brayo, nikamchukia mama yake, nikamchukia na yeye Baba.

Tukaombewa. Watu wakafumba macho, na maombi yakawa marefu, maana yule aliyekuwa akiomba hakuacha nchi hata moja. Mimi sikufumba. Na nilipotupa jicho upande wa pili nikamwona Baba naye hajafumba. Macho yake yalikuwa yakitembea sakafuni, polepole, kwenye kona, chini ya meza, kando ya miguu ya watu. Alikuwa akitafuta ile fimbo. Kisha akainua uso na tukaonana. Ningeelewa wakati ule kama ningekuwa mkubwa kidogo tu. Lakini Baba akafumba macho upesi, kama mwizi aliyemulikwa, akasema amina pamoja na wengine.

Mama Brayo akahamia mji mwingine. Ule mlango ukafanywa meza ya kupigia pasi, halafu ukatupwa barabarani tena, na kile chumba kikawa changu. Nilikua. Baba akawa mtu wa shifti, mpole, mchovu, wa kuuliza "Umekula?" Nasi tuliishi hivyo vizuri tu, bila ugomvi, na bila la kusemezana. Kila mtu aliponiuliza habari za baba yangu nilisema hana mengi. Nilisema hivyo hata harusini kwangu.

Baada ya ile siku ya cherehani nilimpeleka hospitali. Alikuwa ametolewa mtoto wa jicho, jicho moja limefunikwa kwa kiwambo, tukawa tumekaa kwenye viti vya plastiki tukingoja kuitwa kwa ukaguzi. Sikupanga kusema. Labda ni kwa sababu lile jicho lililofunikwa ndilo lililokuwa upande wangu.

"Baba, mbona ulimtoa Nyapara?"

Akasema, "Ningefanyaje? Mtoto analia nyumbani kwangu. Ningesema hapana, ningekuwa mtu wa namna gani?"

"Lakini ulikuwa unacheka."

"Sasa nitoe nikilia? Hiyo si kutoa. Hiyo ni kunyang'anywa." Akajisugua goti. "Niliumwa na tumbo wiki nzima, mami. Mama yako alidhani ni kuku."

Nilicheka, naye akacheka, na kabla kicheko hakijaisha nikauliza, "Basi mbona hatukutengeneza mwingine?"

Baba akageuka mzima mzima, mpaka jicho lake zima likanifikia.

"Nilikungoja," akasema.

"Wapi?"

"Jikoni. Jumamosi ngapi sijui. Nimeshavaa viatu, nimekunywa chai mpaka basi. Nilijiambia, akija mwenyewe akaniambia Baba twende, nitajua alikuwa anapenda. Asipokuja, basi alikuwa ananivumilia tu. Mtoto mwema, anamsindikiza babake na mizoga yake." Akatazama mikono yake. "Hukuja. Nikaona nisikulazimishe."

Nilitaka kumwambia kila kitu kwa mpigo, Kiswahili changu kikanikwama, nikatoa kidogo tu. "Mimi nilikuwa sebuleni, Baba. Nilikuwa nangoja uniite."

Watu wakapita na vitanda vya magurudumu.

"Pale sebuleni?"

"Pale."

"Mh," akasema. "Na mlango ulikuwa wazi."

Nikamwambia bado tunaweza. Masoko yale bado yapo, nimeona matangazo, twende Jumamosi hii. Akanipapasa mkono, akasema jicho lake haliwezi tena kuona skrubu, na la pili litakatwa mwezi ujao, na mimi nina watoto wangu na Jumamosi zangu. Hakusema kwa uchungu. Alisema kama anavyoniambia nisisahau mwavuli, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Muuguzi akatokea mlangoni na faili, akaliita jina lake kwa shida. Nilimwambia akae kwanza, asikimbilie, nimshike mkono. Lakini Baba alikuwa ameshasimama, anapapasa njia kwa jicho moja, kwa sababu yeye hajawahi kupenda kumngojesha mtu.